Pampu ya Zizini

Pampu ninayoitunza haikutengenezwa kwa ajili ya miti. Ilianza kazi zizini, ikikamua ng'ombe, na kibati kilichopigiliwa ubavuni mwake bado kina jina la kampuni ya mashine za maziwa. Sasa inakaa kwenye kibanda cha mbao chini ya mlima, kaskazini mwa Vermont, Marekani. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Aprili inavuta maji matamu ya miti ya mepoli, nayo hupikwa mpaka yawe shira. Mimi ni mtu wa Pangani, mtoto wa mgema. Nimekulia kwenye harufu ya tembo na mlio wa kotama ikinolewa alfajiri, kwa hiyo mwenye msitu huu aliponiuliza kama nimewahi kukinga maji ya mti, nilimjibu kabla hajamaliza.

Hata hivyo, mnazi na mepoli havina tabia moja. Mnazi unataka mtu aupande kila siku, auparue karara ubapa mwembamba ili kidonda kisizibe. Mepoli hutobolewa mara moja kwa mwaka kwa keekee, tundu la kina cha sentimita nne au tano hivi, na mwaka unaofuata unahama pembeni kwa sababu sehemu ile ya mti imekwisha kujifunga. Kinachosukuma maji si joto la jua peke yake, ni kupishana kwa baridi na joto. Usiku ukiganda, mti unanyonya maji kutoka ardhini. Mchana barafu ikiyeyuka, mgandamizo unapanda ndani ya shina na maji yanatafuta pa kutokea. Usiku usipoganda siku kadhaa mfululizo, maji hupungua sana. Msimu mzima ni wiki nne, ukibahatika sita, na zinahitajika takriban lita 40 za maji hayo kupata lita moja ya shira.

Waabenaki, wenyeji wa asili wa huku, na majirani zao waliijua kazi hii kabla Mzungu hajakanyaga huku. Walichanja shina, wakakinga kwa vyombo vya magome, wakachemsha kwa mawe ya moto. Yakiganda usiku, barafu ya juu waliitupa, maana sukari hubaki katika maji yasiyoganda. Walowezi walijifunza kwao, wakaongeza vyungu vya chuma, ndoo, farasi na pipa juu ya sleji.

Kuna jambo moja katika historia hiyo lililonigusa kuliko yote. Mwaka 1791 daktari Benjamin Rush wa Philadelphia alimwandikia Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, barua ndefu akiusifu mti huu. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba sukari ya mepoli ingeweza kuiondoa sokoni sukari ya miwa ya visiwa vya Karibi, iliyotoka mikononi mwa watumwa. Jefferson, ambaye yeye mwenyewe alimiliki mamia ya watumwa, alipanda miche ya mepoli shambani kwake Monticello. Mingi ilikufa. Huku Vermont, ambako katiba ya 1777 ilikuwa imekwisha kupiga marufuku kumfanya mtu mzima mtumwa, wakulima waliendelea kutengeneza sukari yao wenyewe kila majira ya kuchipua.

Nasema ilinigusa kwa sababu ya kwetu. Shuleni tulifundishwa Abushiri bin Salim aliyewainukia Wajerumani mwaka 1888, akanyongwa Pangani mwaka uliofuata, na sina nia ya kumpunguzia ushujaa wake. Lakini Abushiri alikuwa na shamba la miwa, na sukari ya bonde la Pangani wakati ule ilitoka kwenye jasho la watumwa. Hilo nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima, ugenini, nimekaa kando ya jiko la shira. Tangu siku hiyo siwezi kuimimina shira bila kuwaza ni nani aliyekata ile miwa.

Nirudi kwenye maji ya mti. Kubeba ndoo kwenye theluji ya magotini kulichosha watu na farasi, na mwaka 1916 William Brower wa jimbo la New York alipata hataza ya mfumo wa mabomba ya chuma uliotoa maji mtini mpaka chini ya kilima. Haukuenea sana. Kilichobadilisha msitu ni plastiki: mwaka 1959 Nelson Griggs wa Montpelier, hapa hapa Vermont, alipata hataza ya mfumo wa mipira ya plastiki. Mpira unapinda, unaunganishwa kwa mkono, na unaangikwa kutoka mti hadi mti kama kamba ya kuanikia nguo.

Mipira ilipokwisha kutandazwa, pampu ikawa njiani tayari. Mkulima wa huku alikuwa na ng'ombe na mepoli katika shamba moja, na mashine ya kukamulia aliijua undani wake. Mashamba madogo ya maziwa yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine, pampu zikibaki zimekaa kwenye mazizi matupu. Watu wakazipandisha msituni zivute maji kupitia mipira. Kwa hiyo ninaposikia wageni wakisema kwamba pampu imeua kazi ya asili, siwaafiki. Pampu hii ndiyo kitu kilichosalia kutoka kwenye zizi la watu hawa. Ng'ombe wenyewe waliondoka.

Ndani yake ni rahisi kuielewa. Kuna silinda ya chuma, na ndani ya silinda kuna rota iliyowekwa kando kidogo ya katikati. Rota ina mifereji yenye vibapa. Ikizunguka, vibapa vinaruka nje, vinasugua ukuta wa silinda na kuifagia hewa kutoka mlango wa kuingilia hadi wa kutokea. Oili ndiyo inayoziba upenyo kati ya kibapa na ukuta. Oili ikipungua, nguvu inapungua na chuma kinaanza kulana. Maji yakiingia, oili inageuka rangi ya chai ya maziwa, na ukiiona hivyo usingoje kesho.

Mimi nilingoja. Msimu wangu wa pili, boya la mtego unaozuia maji yasiingie kwenye pampu lilikwama jioni moja. Maji ya mti yakapita hadi kwenye pampu, usiku yakaganda, na asubuhi nilipowasha umeme mkanda ulipiga yowe na vibapa viwili vikavunjika. Tulikosa siku tatu za maji mazuri. Mwenye msitu hakunigombeza. Alinipa spana, akakaa kwenye kigoda akinitazama nikiifungua mpaka boliti ya mwisho.

Pampu za zizini zilizoea kuvuta kama inchi 15 za zebaki, kipimo cha nguvu ya kuvuta hewa. Za kisasa zinafika 27 au 28. Kila inchi moja unayoongeza inaleta maji zaidi kwa asilimia 5 hadi 7, na utamu wake haupungui. Lakini inchi hizo hazitoki kwenye pampu tu. Zinapotelea msituni, mahali kindi alipotafuna mpira, mahali tawi lilipoanguka. Nina kijana wa Kikongo kutoka mji wa Winooski anayenisaidia. Juzi alinijia mbio: "Papa, pompi iko nalia mubaya!" Tukatazama geji, imeshuka inchi nne. Pampu ilikuwa nzima. Tulivaa viatu vya theluji, tukapanda, tukisimama kila baada ya miti kadhaa kusikiliza. Hewa ikiingia kwenye mpira hufanya mlio mwembamba, na vipovu vinakimbia ndani ya maji. Nilimwambia, "Mwanangu, funga mdomo, sikio lifanye kazi." Alikipata yeye kile kitundu, kabla yangu.

Jambo jingine nililomfundisha ni kutoizima pampu mapema jioni. Zamani watu waliizima tone la mwisho likidondoka, kuokoa umeme. Lakini mti unapoanza kuganda unanyonya, na ukikosa kuvutwa utarudisha ndani maji machafu ya mpirani, vijidudu viingie kwenye tundu na kuliziba mapema. Ndiyo maana watafiti wa kituo cha Proctor, cha Chuo Kikuu cha Vermont, walibuni milizamu yenye vali ndogo inayozuia maji kurudi. Sisi bado tunaiacha pampu izunguke mpaka mipira igande.

Machipukizi yakivimba, shira inapata ladha mbaya na kazi imekwisha. Ninaosha pampu kwa mafuta mepesi, ninaijaza oili safi, kisha ninaivua mkanda na kuizungusha kwa mkono, polepole, mpaka nisikie kila kibapa kimeteleza mahali pake.