Mtani Kaburini na Wafu wa Sinema

Kuuliza kama sehemu ya pili ya sinema ya kuchekesha juu ya wafu wanaotembea yalingana na ile ya kwanza huenda kukadhaniwa kuwa ni shughuli ya watu wenye wasaa mwingi. Walakini mtu aliyekulia Kilole, katika mji wa Korogwe, au kusini yake katika vijiji vya Handeni, ambako kumcheka maiti mbele ya wafiwa kulikuwa ni kazi yenye wenyewe, yenye mipaka na ijara yake, anacho kipimo cha jambo hilo tangu kabla hajatia mguu katika nyumba ya sinema. Kipimo hicho ni utani wa msibani, na tarikhi yake yastahili kutangulizwa.

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na katika mwaka uo huo wa 1893 Dk. Richard Hindorf alikuwa amekwisha kuuingiza mkonge katika nchi hii, miche 62 tu ikisalimika na safari ndefu ya baharini na kupandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kwa sababu ya mambo hayo mawili bonde la Korogwe likageuka kuwa safu za mkonge hata upeo wa macho, na mkonge ukataka mikono mingi kuliko iliyokuwapo, wakaja vibarua wa mkataba walioitwa manamba kutoka Unyamwezi, Usukuma, Uha na Urundi, na kutoka nyanda za juu za kusini, hata mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda idara yao ya kuwakusanya na kuwasafirisha watu hao, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Sasa mtu wa Tabora akifariki kambini, nduguze wako mwendo wa siku nyingi wala hawana habari, nani atakayemwosha, nani atakayemchimbia kaburi, nani atakayesimama mahali pa jamaa zake? Aghalabu alikuwa mtani.

Utani wenyewe ulikuwa wa zamani kuliko mkonge, kwa maana watu wa bara walipokuwa wakiteremka pwani na misafara ya pembe za ndovu walikwisha kufungamana na wenyeji wa njiani kwa ahadi hii ya kutukanana bila kukasirikiana na kuzikana bila kuombana. Lakini kambi za mkonge ndizo zilizoupa kazi nzito kupita zote. Bwana R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyeishi Amani katika milima ya Usambara, aliuona, na katika miaka ya 1940 akaandika juu yake makala ambazo wanazuoni wanazirejea hata leo.

Tazama namna kazi hiyo ilivyotendwa. Mtani aliyeamka alfajiri kuchimba kaburi, akatoa udongo hata mabega yakamuuma, huyo huyo ndiye aliyeshuka ndani jeneza lilipofika, akajilaza katika mwanandani, akapiga kelele kwamba nyumba hii imemfaa yeye, marehemu na akatafute nyingine, wala hatoki mpaka alipwe. Nyumbani alikwisha kuvaa koti la marehemu na kofia yake, akachukua bakora, akapita uani kwa mwendo ule ule wa kuvuta mguu, akawaita wajukuu kwa sauti ile ile ya puani, akadai uji wake na kuuliza ni nani aliyethubutu kukalia kiti chake. Na mjane ambaye tangu usiku hakuwa amefumbua kinywa akaangua kicheko, kisha ndani ya kicheko hicho kilio chake kikapata njia. Huyo ndiye mfu aliyefufuka wa nchi yetu, naye alitufanya tucheke kabla sinema haijazaliwa. Haki ya kucheka hakuipata bure, maadamu mikono yake ingali na udongo wa kaburi. Na fauka ya hayo dhihaka aliyoitumia kwa mfu wa jana haikumfaa kwa mfu wa leo, kwa kuwa kila maiti ana mwendo wake, madeni yake na uchoyo wake, na mtani aliyerudia maneno yale yale aliambiwa waziwazi kwamba hakumjua marehemu.

Sinema nayo ina nasaba na wilaya hii, tena nasaba ya karibu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri, juu ya mlima unaoitazama Korogwe, Meja L. A. Notcutt na Bwana G. C. Latham, kwa fedha zilizotoka hasa kwa shirika la Carnegie la Marekani, walitengeneza takriban sinema 35 za kuwafunza Waafrika wa Afrika ya Mashariki habari za safura, malaria, chai, kodi na benki ya posta, sauti ikitoka katika santuri iliyopigwa kando ya picha. Notcutt alikuwa amepata kuwa msimamizi wa mashamba ya mkonge, na fikira yake ya awali ilikuwa kwamba sinema ingewaridhisha vibarua wasiondoke. Serikali za Tanganyika, Kenya na Uganda hazikukubali kuugharimia mradi uendelee, ukafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 tukamwona kijana Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wetu, akichekesha katika sinema ya Muhogo Mchungu kwa kisa cha mshamba aliyeingia mjini. Kicheko kizuri, lakini cha walio hai.

Wafu waliingia baadaye, zama za mikanda ya video na vibanda vyake, mtengenezaji sinema Mussa Banzi alipotoa Nsyuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, na nyuma yake msururu wa sinema za majini na misukule. Msukule, mtu anayesadikiwa kuwa hakufa bali amechukuliwa akalime usiku shamba la mchawi bila ujira wala ulimi, ni jamaa wa karibu wa zombi wa Haiti, aliyezaliwa katika hofu ya watumwa wa miwa kwamba hata mauti hayatawapumzisha na kazi. Lakini watengenezaji wetu walizoea kukikata kisa kimoja vipande viwili na kuuza kila kipande mbali, na mimi nakataa kuiita hiyo sehemu ya pili. Ni nusu ya pili tu, na mnunuzi amedhulumiwa.

Sehemu ya pili ya kweli ni kama ile iliyoletwa na Ruben Fleischer mwaka 2019, Zombieland: Double Tap, miaka kumi baada ya Zombieland ya mwaka 2009, wachezaji wale wale wanne wakirejea: Woody Harrelson, Jesse Eisenberg, Emma Stone na Abigail Breslin. Ukiipima ile ya kwanza kwa utani wa Handeni utastaajabu jinsi inavyotimia. Mchekeshaji Bill Murray, akijicheza mwenyewe, ajifanya mfu ili amtie hofu kijana anayechezwa na Eisenberg, na kijana kwa kihoro ampiga risasi. Ni mtani aliyelala kaburini, ila safari hii kaburi limemkubali. Na yule jabari Tallahassee, anayechezwa na Harrelson, ambaye muda wote amekuwa akimsimulia mtoto wa mbwa aliyempoteza, yadhihirika kwamba hakuwa mbwa bali mwanawe mdogo, naye ayafuta machozi kwa noti za dola ambazo hazina tena thamani duniani. Hapo tukajua kwamba mzaha wake wote ulikuwa wa mfiwa, kwa hiyo ulikuwa halali.

Ile ya pili ina bashasha nyingi, na haki yake isinyimwe. Madison, msichana tunayedhani amegeuka mfu na kuuawa msituni, arudi akiendesha gari la kuuzia aiskrimu, kumbe lililompata ni madhara ya kula njugu tu. Na wale watu wawili wanaofanana na mashujaa wetu kwa maneno na mwendo ni kichekesho cha kuigiza ambacho mtani yeyote wa Korogwe angekitambua. Lakini msiba haumo. Hakuna aliyefiwa, kanuni za yule kijana za kunusurika na wafu zarejewa kwa sababu zilipendwa mara ya kwanza, na Bill Murray arudishwa mwishoni, baada ya majina ya wachezaji, bila mtu wa kumlilia. Hiyo ndiyo dhihaka ya jana juu ya maiti wa leo, na ndiyo sababu naihukumu kuwa haikuifikia ya kwanza, japo nilicheka.

Tanga ndiyo iliyomzaa Amri Athumani, King Majuto, aliyefariki mwaka 2018, mchekeshaji ambaye angeweza kuvaa koti la marehemu na kulivaa sawasawa. Wanaotengeneza sinema huko wanacho kisa ambacho bado sijakiona katika picha: manamba aliyefia kambini, na mtani aliyemchimbia kaburi kisha akajilaza ndani yake. Na sehemu yake ya pili haihitaji kutungwa kwa shida, kwa kuwa mtani naye hufa, koti lile bado linaning'inia mlangoni, na yuko mwingine wa kulivaa aliyekuwa akimwangalia.