Mali ya Mama ni ya Nani?

 

Ndugu msomaji, Ramadhan iliyopita babangu aliketi baada ya tarawehe akipiga hesabu ya zaka. Alipomaliza akamuuliza mamangu, "Na zako je, ni ngapi?" Mama akacheka: "Zangu? Si ndio hizo hizo!" Mama huuza mahamri asubuhi na yuko kwenye chama cha akina mama mtaani. Pesa zote humpa baba amwekee, na kwa miaka hakuna aliyeandika zipi ni za nani. Baba mwenyewe alishtuka. Zaka humpasa mwenye mali. Ikiwa mali ni ya mama, atakayeulizwa mbele ya Mola wake ni mama. Sasa atatoaje zaka ya kitu asichokijua?

Swali hili lilinirudisha kwenye historia tuliyosoma madrasa.

Bi Khadija bint Khuwaylid (R.A.) alikuwa mfanyabiashara Makka kabla ya Utume. Aliwapa wanaume mtaji wakasafiri na misafara, kisha faida wakagawana. Ndivyo alivyompa kazi Muhammad (S.A.W.), akiwa kijana wa miaka kama 25, aende Sham pamoja na Maysara, mtumishi wake. Waliporudi faida ilikuwa nzuri, na Maysara akamweleza uaminifu aliouona njiani. Utaona Bi Khadija alijua mtaji wake ni kiasi gani, yuko nao nani, na umerudi na nini. Mali hiyo ndiyo baadaye iliyousaidia Uislamu ulipokuwa mchanga. Alifariki mwaka wa 10 wa Utume, yapata 619, na wanahistoria wengi wanasema ilikuwa katika mwezi huu huu wa Ramadhan.

Pengine utasema, huyo alikuwa tajiri. Basi mtazame mjane wa Saad bin Rabii (R.A.). Mumewe aliuawa shahidi katika vita vya Uhud mwaka wa 3 Hijria (625), akaacha mabinti wawili. Ami yao akachukua mali yote, kama ilivyokuwa ada ya Waarabu. Mama yule hakunyamaza. Alikwenda na mabinti zake kwa Mtume (S.A.W.), akamweleza kwamba bila mali hawataolewa. Ikateremka aya ya mirathi katika Surat An-Nisaa, na Mtume akamwamrisha ami awape mabinti thuluthi mbili, mama yao thumuni, na kinachobaki ndicho chake. Kwa hivyo haki hii ambayo leo tunajivunia, nyuma yake kuna mjane aliyesimama akauliza.

Kisha kuna Zaynab, mke wa Abdullah bin Masud (R.A.). Mumewe hakuwa na kitu, naye akimkimu pamoja na mayatima aliowalea. Akataka kujua kama hiyo yahesabika kuwa sadaka. Mtume (S.A.W.) akajibu kwamba ana ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka. Sasa fikiri: lau mali ya mke ingekuwa ya mume, ingekuwaje sadaka kumpa mume?

Linganisha na Uingereza. Huko mwanamke akiolewa, pesa na vitu vyake vilikuwa vya mumewe kisheria, mpaka zikapita sheria za 1870 na 1882. Ile ya 1882 ilitumika hata hapa Kenya hadi 2013.

Lakini tusijisifu bure. Haki tumepewa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, na bado kuna dada ambaye mahari yake ilipokelewa na watu wengine, yeye akaiona kwa macho tu. Kuna anayesaini karatasi za mirathi bila kusomewa. Mara nyingi si dhuluma ya makusudi. Ni mazoea, na kuona haya kuuliza. "Nikimuuliza ataona simwamini." Mjane wa Saad angeona haya, mabinti zake wangekosa.

Dada yangu, anza na daftari. Andika unachopata, unachochangia chamani, unachokopesha, hata kama ni kwa mumeo. Jua mahari yako ni kiasi gani na umelipwa ngapi. Pesa ulizoweka zikifika thamani ya gramu 85 hivi za dhahabu na zikapitiwa na mwaka, toa asilimia 2.5. Kuhusu dhahabu ya kuvaa, wanavyuoni wametofautiana, kwa hivyo muulize sheikh wako. Nawe kaka, msaidie mamako na dadako kuandika, bila kuwachagulia.

Mwaka huu mama ana daftari lake. Juzi alipiga hesabu akakuta hajafika nisabu. Baba akamwambia, "Basi huna zaka." Mama akajibu, "Sina, lakini sasa najua." Kisha akatenga mia mbili za sadaka, kwa mkono wake.

Wabillahi tawfiq.