Kabla hujafungua faili la mteja, weka kichujio hiki kwenye Gmail

Uwe wakala wa forodha Sirari, unauza vifaa kwa mgodi kule Nyamongo au unapokea wageni wa hifadhi pale Mugumu, kazi yako inapita kwenye barua pepe. Ankara, oda na booking zinakuja kama mafaili, na humo ndimo virusi hujificha.

Mbinu hii ni ya zamani. Mei 2000, kirusi cha ILOVEYOU kilisambaa duniani kikiwa kwenye faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.txt.vbs. Wengi waliona “.txt” wakadhani ni barua tu. Kumbe mwisho halisi wa jina ulikuwa “.vbs”, yaani programu.

Gmail inakagua, ila si kila kitu

Gmail hukagua mafaili yenyewe bila wewe kufanya lolote, na faili la .exe hailipokei kabisa. Shida ni faili la zip lililofungwa kwa nywila: mfumo hauwezi kukagua vizuri kilichomo ndani. Matapeli wanalijua hilo, ndiyo maana wanakutumia faili pamoja na nywila yake.

Kichujio hakiui kirusi. Kinakuwekea alama ili usibonyeze kwa haraka.

Namna ya kukiweka

App ya Gmail kwenye simu haiundi vichujio, hivyo tumia kompyuta. Ukishakiweka, alama itaonekana hadi kwenye simu yako.

1. Fungua mail.google.com, kisha bonyeza alama ya mistari iliyo mwisho wa kisanduku cha kutafutia.
2. Kwenye sehemu ya maneno yaliyomo, andika: {filename:zip filename:rar filename:html filename:docm}
3. Bonyeza kitufe cha kuunda kichujio.
4. Chagua kuweka lebo, uiite KAGUA KWANZA.
5. Bonyeza tena kuunda kichujio. Umemaliza.

Usichague kufuta wala kuondoa ujumbe kwenye kikasha. Oda ya kweli inaweza kuja na zip, na mteja hatakusubiri.

Kama umetumia kompyuta ya stesheneri, usikubali ihifadhi nywila yako, na hakikisha umetoka kwenye akaunti kabla ya kuondoka.

Ukiona lebo hiyo

Mpigie aliyetuma kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe huo. Muulize kama kweli ametuma faili. Ukipata faili la .apk kwa barua pepe, usiliweke kwenye simu. App chukua Play Store.

Umeshafungua?

Zima data. Tumia kifaa kingine kubadili nywila ya Gmail, kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili. Kama kuna hela imeibwa, usifute ule ujumbe, ni ushahidi. Toa taarifa polisi; Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015.