Kigunduzi cha rada (gari)

Kigunduzi cha rada ni kipokezi kidogo cha redio kinachofungwa ndani ya gari ili kimwonye dereva kwamba polisi wanapima mwendo karibu na alipo. Hakivurugi kipimo cha polisi. Kazi yake ni kusikiliza. Vifaa vya kuvuruga rada ni jambo lingine kabisa, na Marekani vinakatazwa na sheria ya shirikisho. Marekani hiyo hiyo ndiko kigunduzi kilikozaliwa na ndiko wanunuzi wake wengi waliko.

Historia

Rada ya kupimia mwendo wa magari ilitokana na kazi ya John L. Barker na Ben Midlock katika jimbo la Connecticut wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1947 polisi wa jimbo hilo waliijaribu katika mji wa Glastonbury, na miaka michache baadaye madereva wakaanza kutozwa faini kwa kipimo chake. Msingi wake ni athari ya Doppler: wimbi linaloligonga gari linalokaribia hurudi likiwa na masafa ya juu kidogo kuliko lilivyotoka, na tofauti hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa mwendo.

Kwa miaka mingi jambo hili halikuwasumbua sana madereva wa safari ndefu. Lililowasumbua ni mafuta. Nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta yao mwishoni mwa 1973, Marekani ilitafuta kila njia ya kubana matumizi, na tarehe 2 Januari 1974 Rais Nixon akatia saini sheria iliyoshusha ukomo wa mwendo nchini kote hadi maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 89. Barabara kuu pana, zilizojengwa kwa ajili ya mwendo mkubwa kuliko huo, ghafla zikawa za kutembea polepole. Madereva wa malori, ambao wengi hulipwa kwa maili wanazokata, waliiona sheria hiyo kama mkono uliotiwa mfukoni mwao. Wakaanza kuambizana kwa redio za mawasiliano za CB walipo polisi, na waliokuwa na fedha wakanunua Fuzzbuster, kigunduzi cha Dale Smith wa Ohio.

Fuzzbuster ilikuwa kifaa cha kawaida tu, kizito cha kusikia. Mara nyingi ililia wakati rada imekwisha kulisoma gari. Mageuzi yaliletwa mwaka 1978 na wahandisi wawili, Mike Valentine na Jim Jaeger, kwa kampuni yao ya Cincinnati Microwave. Kigunduzi chao, Escort, kilitumia mfumo wa superheterodaini, uleule wa redio za kawaida: mawimbi yanayoingia huchanganywa na mawimbi yanayozalishwa ndani ya kifaa, kisha ishara dhaifu hukuzwa mpaka isikike. Rada ikaanza kunaswa kutoka mbali, hata kabla haijaonekana nyuma ya mlima au kona. Mwaka 1984 ikafuata Passport, ndogo ya kutosha kuingia mfukoni. Valentine alijitenga na mwenzake, na mwaka 1992 akatoa Valentine One, yenye antena mbili na mishale inayoonyesha kama rada iko mbele, ubavuni au nyuma. Kwa hesabu yoyote ya haki, huo ndio ubunifu mkubwa wa mwisho katika fani hii hadi ilipoingia GPS.

Ukomo wa maili 55 ulilegezwa mwaka 1987 kwa barabara kuu za mashambani na kufutwa kabisa mwaka 1995. Biashara ya vigunduzi haikufa pamoja nao.

Bendi

Rada za polisi wa Marekani hutumia bendi tatu: X (10.525 GHz), K (karibu na 24.15 GHz) na Ka (33.4 hadi 36 GHz). X imebaki kwa polisi wachache. Leza, inayofanya kazi kwa mwanga usioonekana wa nanomita 904, si rada, ingawa vigunduzi vingi vina jicho la kuipokea.

Ufungaji

Mahali kifaa kinapokaa pana uzito kuliko bei yake. Mikrowevu, yaani mawimbi ya rada, hupita kwenye kioo na plastiki, lakini hazipiti kwenye chuma. Kwa hiyo antena lazima iione barabara bila kuzuiwa na waipa, fremu ya kioo wala mkanda wa rangi ya metali ulioko juu ya baadhi ya vioo vya mbele. Vioo vyenye utando wa metali wa kuzuia joto la jua au wa kuyeyusha barafu hupunguza sana uwezo wa kigunduzi. Baadhi ya watengenezaji wa magari huacha dirisha dogo lisilo na utando karibu na kioo cha kutazama nyuma, na hapo ndipo pa kukilenga.

Kifaa hukaa sambamba na barabara, kisiinamie boneti wala kutazama mbingu. Wengi hukifunga juu, karibu na kioo cha kutazama nyuma, kwa vikombe vya mpira au kwa mkono wa chuma unaobana shina la kioo hicho. Juu ni kuzuri kwa rada, na kifaa kikiwa na antena ya nyuma huona vizuri pia. Kwa leza, chini ni bora kidogo, kwa kuwa polisi hulenga namba ya gari au taa. Kisiwekwe juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa: mfuko ukifumuka, hukirusha kama jiwe. California na Minnesota zina masharti juu ya kitu chochote kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele.

Umeme

Njia ya haraka ni waya wa kujikunja unaochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Kwenye plagi hiyo ncha ya katikati ni chanya na pembeni ni hasi. Katika magari mengine tundu hubaki na umeme hata ufunguo ukitolewa. Kigunduzi kikisahaulika humo kwa siku kadhaa, betri dhaifu inaweza kugoma kuwasha gari.

Anayechukia waya unaoning'inia huunganisha moja kwa moja kwenye sanduku la fyuzi. Fundi hupima kwa taa ya majaribio au mita ili kupata fyuzi inayopata umeme pale tu ufunguo unapowashwa, kwa mfano ya redio au ya tundu lenyewe, na kuchomeka hapo adapta yenye nafasi ya fyuzi ya pili. Fyuzi ya ampea 2 inatosha. Mifumo ya mifuko ya hewa, breki na kompyuta ya injini haiguswi. Waya hasi hufungwa kwenye boliti inayogusa chuma kitupu cha bodi. Boliti iliyopakwa rangi haifai. Waya hupitishwa chini ya kitambaa cha dari na kushuka nguzoni, nyuma ya mfuko wa hewa wa pembeni, kamwe si mbele yake. Njia fupi zaidi ni kuchukua umeme wa kioo cha kutazama nyuma, pale ambapo kioo hicho kina umeme.

Malori ya volti 24 yanahitaji kipunguza volti. Zipo pia aina za kutumia betri, zisizo na waya.

Matumizi

Mlio hauna maana yenyewe. Dereva husikiliza unavyokua. Mlango wa duka unaojifungua hutoa ishara fupi ya X au K inayofifia mara gari likipita, na rada ya polisi iliyo mbele huongezeka nguvu hatua kwa hatua. Kwa sababu hiyo vifaa vina hali ya mjini, inayopunguza usikivu, na hali ya barabara kuu. Adui wa siku hizi ni magari mengine: vitambuzi vya pembe isiyoonekana, vingi vikiwa kwenye masafa ya 24 GHz, vimeijaza bendi ya K kelele. Vigunduzi vyenye GPS hukariri milango ya maduka na kuinyamazisha, lakini gari linalotembea halikaririki.

Kuna mitego miwili ambayo kifaa hakiwezi kuikwepa kwa uhakika. Wa kwanza ni polisi anayeizima rada mpaka gari lifike. Usalama hapo ni kunasa mawimbi yaliyompiga aliyetangulia, kama yupo. Wa pili ni leza, ambayo kwa umbali wa mita 300 huwa na upana wa mita moja hivi. Kigunduzi kinapolia, mara nyingi mwendo umekwisha kusomwa. Matangazo ya watengenezaji hayapendi kulisema hili kwa sauti.

Polisi nao wana vyao. Mawimbi yanayozalishwa ndani ya kigunduzi huvuja kidogo, na vifaa kama VG-2 na Spectre viliundwa kuyanusa.

Sheria

Katika Marekani, Virginia na Washington D.C. hukataza kigunduzi katika gari lolote, na kanuni za shirikisho hukikataza katika magari ya biashara yenye uzito unaozidi pauni 10,000 yanayovuka majimbo. Kanada hukiruhusu British Columbia, Alberta na Saskatchewan pekee. Uingereza kimeruhusiwa tangu uamuzi wa mahakama wa 1998. Ufaransa na Uswisi hukataza.

Hali ya sasa

Programu za simu kama Waze, iliyonunuliwa na Google mwaka 2013, zimechukua sehemu ya kazi, kwa kuwa mtumiaji mmoja humtahadharisha mwingine. Afrika Mashariki kifaa si cha kawaida. Tanzania, dereva aliyeiona tochi ya trafiki, yaani kipima mwendo cha polisi, humulika taa kuwaonya wanaokuja.