Kodi ya Chumba cha Kampala

Neno kodi lina kazi mbili katika Kiswahili. Ni malipo ambayo raia huyatoa kwa serikali, na tena ni malipo ambayo mpangaji humpa mwenye nyumba kila mwezi. Wazee wa Kakamega walizijua kodi zote mbili, na ile ya kwanza ndiyo iliyowasukuma wengi wao kwenye ya pili.

Yafaa msomaji akumbuke kwamba nchi ya Waluhya haikuwa upande wa Kenya tangu mwanzo wa utawala wa Waingereza. Hadi mwaka 1902 ilihesabiwa katika Jimbo la Mashariki la Uganda, na ofisi ya serikali ilikuwa Mumias, karibu na boma la Nabongo Mumia. Mwaka huo mpaka ukasogezwa, na watu waliolala Uganda wakaamka katika himaya nyingine pasipo kuhamisha hata chungu kimoja. Jamaa zao, hasa Wasamia, wakabaki pande zote mbili.

Serikali ilitoza kodi juu ya kila nyumba ya mwananchi, nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa miti na udongo wa kwao. Mwanzoni ilikubali kupokea mifugo au kazi ya mikono. Baadaye ikataka rupia. Rupia ilikuwa sarafu ya India, iliyoletwa na biashara ya pwani na kuenezwa bara na ujenzi wa reli, ambayo ilifika Kisumu mwaka 1901. Hivyo mtu aliilipia nyumba yake, katika ardhi ya babu zake, kwa fedha ya ng'ambo. Rupia haikuota shambani. Ilipatikana kwa kuuza mazao, na asiye na soko la mazao aliuza nguvu zake. Vijana wakatoka.

Mwaka 1921 rupia iliondolewa, na shilingi ikashika mahali pake. Ilitolewa na Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919. Upande mmoja ilikuwa na sura ya mfalme wa Uingereza na upande wa pili simba mbele ya milima. Shilingi hiyo ilipokelewa Mombasa, Tabora, Kakamega na Kampala bila swali, na tangu mwaka 1936 Unguja pia. Ilikuwa fedha ya kigeni kwa asili, lakini kwa muda wa miaka arobaini na zaidi ilikuwa ya kigeni kwa wote sawasawa, na huenda ndiyo sababu hakuna aliyeona ugeni wake.

Kwa mtu wa Kakamega jambo hilo lilikuwa na faida kubwa, maana kazi nyingi zilikuwa Uganda. Kulikuwa na mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, na reli iliyofika Kampala mwaka 1931. Baada ya Vita Kuu ya Pili kukaja ujenzi wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, na viwanda vya Jinja vilivyofuata umeme wake. Waliokuwa wa reli walipewa nyumba Nsambya. Wengine walipanga Nakawa, Naguru au Walukuba, au chumba kimoja katika safu ya vyumba, ambacho watu wa Kampala hukiita muzigo. Mswahili akisikia neno hilo hucheka kidogo, lakini mpangaji mwenye watoto watano hakuwa na sababu ya kucheka.

Tuseme mtu alilipa shilingi 20 kwa chumba na kubakiza shilingi 30 za kupeleka nyumbani. Shilingi zile za kodi na zile za karo ya mtoto wake huko Kakamega zilikuwa za namna moja. Angeweza kuzifunga katika leso, akapanda gari moshi mpaka Tororo, akavuka, na kumpa mwalimu asubuhi yake. Hakuhitaji benki wala kibali.

Uhuru ulipopatikana, Tanzania mwaka 1961 kwa jina la Tanganyika, Uganda mwaka 1962, Kenya mwaka 1963, kila serikali ilitaka kupanga mwenyewe mikopo na maendeleo yake. Bodi ya Fedha haikuweza kuzitumikia serikali tatu zenye mipango mitatu. Mwezi Juni 1965 mawaziri wa fedha walitangaza kwamba kila nchi ingeanzisha benki kuu yake, na katika mwaka 1966 zikatoka shilingi tatu: ya Tanzania, ya Uganda na ya Kenya. Mpangaji wa Nakawa hakuhama chumba wala mwenye nyumba hakubadilisha kodi. Fedha ndiyo iliyohama. Kama mpaka ulivyofanya mwaka 1902, mambo yaliwapita watu wakiwa wamekaa.

Mwanzoni tofauti haikuuma. Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki, uliotiwa sahihi Kampala mwezi Juni 1967, uliagiza shilingi hizo zibadilishwe moja kwa moja bila ada. Novemba mwaka huo Uingereza ilipopunguza thamani ya pauni, nchi zote tatu zilikataa kuifuata. Pauni iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti 14. Mwanafunzi kutoka Kakamega aliyepanga chumba London kwa pauni nne kwa juma, ambaye baba yake alikuwa akitoa shilingi 80, sasa alihitaji chini ya 69. Ni mara chache fedha za kigeni humwonea huruma mpangaji namna hiyo.

Lakini mwaka 1970 Uganda ilianza kuzuia fedha kutoka kwenda Kenya na Tanzania pasipo kibali. Hapo ndipo mpangaji alipoelewa kwamba alikuwa na mifuko miwili. Shilingi ya Uganda ililipa chumba, bali haikulipa karo ya Kakamega. Mwaka huo huo serikali ya Rais Milton Obote iliwaondoa kazini maelfu ya wafanyakazi wa Kenya, wengi wao Waluo na Waluhya. Walirudi na godoro, baiskeli, na noti ambazo nyumbani hazikuwa na kazi mpaka mtu akubali kuzibadilisha.

Baadaye mambo yaligeuka. Shilingi ya Uganda ilianguka vibaya katika utawala wa Idi Amin, na bei ya kahawa ilipopanda mwaka 1976 na 1977, Waganda walivusha magunia kwa magendo hadi soko la Chepkube, Bungoma, wakitafuta shilingi ya Kenya. Mwaka 1987 Uganda ilitoa shilingi mpya moja kwa 100 za zamani. Tarehe 30 Novemba 2013 marais wa Jumuiya mpya walitia sahihi Kampala itifaki ya kuwa na fedha moja kufikia mwaka 2024. Mwaka huo ulipita, na mtu wa Kakamega mwenye chumba Kampala bado husimama Busia kuuliza bei ya shilingi kwa shilingi kabla ya kuvuka.