Mbunifu wa Kanga ni Nani? Maswali Kutoka Pemba

Vijana wenzangu wanaosomea ubunifu, wale wa kuchora nembo, kubuni viti na kupamba kurasa, wana tabia moja ambayo nimeiona sana mjini. Waulize wanapata wapi mawazo yao. Watakufungulia kompyuta wakuonyeshe viti vya Denmark, mabango ya Uswisi na simu za Apple. Si vibaya. Mimi mwenyewe nakipenda kile kiti cha mabomba ya chuma cha Marcel Breuer, cha mwaka 1925, ambacho wazo lake alilitoa kwenye usukani wa baiskeli. Lakini miaka minne kabla yake, 1921, Breuer huyo huyo akiwa bado mwanafunzi wa chuo cha Bauhaus kule Ujerumani, alitengeneza pamoja na mfumaji Gunta Stölzl kiti cha mbao zilizopakwa rangi, chenye nguo ya kufumwa kwenye mgongo na kikalio. Kinajulikana kama Kiti cha Kiafrika. Kilipotea miaka zaidi ya 80, kikaja kuonekana tena 2004. Kwa hiyo hata hao tunaowaiga walikuwa wakitupia jicho huku.

Sasa na sisi tutupie jicho huku. Na leo sisemi Dar wala Mombasa, nasema Pemba, kisiwa ambacho wengi mjini wanakijua kwa mambo mawili tu: karafuu na siasa.

Gazeti lilinituma huko kufuatilia habari za msimu wa karafuu. Siku moja jioni, kazi imekwisha, nikasimama kwenye duka la nguo Chake Chake. Mama mmoja wa makamo alikuwa anachagua kanga. Kijana wa duka amemteremshia doti kama kumi hivi.

"Hii nayo, mama? Imeingia juzi tu."

"Rangi nzuri, mwanangu. Jina silo."

Akairudisha. Ya pili jina lilimfaa, ila pindo lilikuwa zito kuliko mji. Ya tatu akaikunjua yote, akajifunika mabegani, akamuuliza mwenzake kama maandishi yanaonekana kwa nyuma. Nilisimama pale karibu nusu saa na hakununua kitu. Nimewahi kuripoti mashindano ya ubunifu ambayo majaji wake hawakuwa na jicho kali kama la mama yule.

Kwa msomaji ambaye kanga kwake ni ile ya kufutia maji tu, nifafanue kidogo. Kanga ina sehemu tatu. Kuna pindo linalozunguka pande zote nne, kuna mji ambao ndio uwanja wa katikati, na kuna jina, yaani maneno, ambayo hukaa kwenye kisanduku chini ya mji. Zinauzwa mbili mbili, doti moja, unakata na kukunga mwenyewe. Ukubwa wake ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo. Mpangilio huu umedumu zaidi ya miaka 100 huku kila kitu kilicho ndani yake kikibadilika kila msimu. Mtu wa kuchora kurasa za gazeti ataelewa ninachosema: ramani ya ukurasa ni ile ile, habari ndiyo mpya kila siku.

Nani aliupanga hivyo? Hapo ndipo inapobidi turudi nyuma, na Pemba inaingia.

Katika karne ya 19 nguo iliyotawala pwani hii ilikuwa merikani, pamba nyeupe isiyo na urembo iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Jina lenyewe linasema ilikotoka. Ikitiwa rangi ya nili inakuwa kaniki, nyeusi ya bluu. Hizo mbili, merikani na kaniki, ndizo zilikuwa nguo za watumwa. Nguo ilikuwa kitambulisho. Ukimwona mtu barabarani ulijua ni mwungwana au mtumwa kabla hajafungua mdomo.

Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja kikang'oa mikarafuu mingi sana. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa. Bei ya karafuu ikapanda, na wenye mashamba wakakimbilia kupanda Pemba, na waliopanda, waliopalilia na waliochuma walikuwa watumwa. Mkataba wa 1873 ulifunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari, lakini majahazi yaliendelea kuwaingiza Pemba kwa magendo. Kwa hiyo wakati kanga inazaliwa, Pemba ilikuwa imejaa wanawake wa kaniki.

Inazaliwaje? Hadithi inayosimuliwa ni kwamba wanawake walinunua leso za rangi, zile za mkononi ambazo jina lake limetoka kwa Wareno, zikiuzwa kwa jora kabla hazijakatwa. Wakakata sita sita na kuzishona safu mbili za tatu tatu, wakapata nguo moja pana yenye urembo. Mombasa mpaka leo wanaiita leso. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo ya kipande kimoja iliyochapwa tayari. Mtafiti MacKenzie Moon Ryan, aliyepekua kumbukumbu za viwanda vya Ulaya na picha za zamani, anauweka uvumbuzi huo katika muongo mmoja tu, 1876 hadi 1886. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, akafungua duka lake Mombasa, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" ipo mpaka leo. Inasemekana yeye ndiye aliyeanza kuweka majina kwenye kanga. Mwanzo yalikuwa ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakahamia herufi hizi ninazoandikia mimi.

Viwanda vyenyewe vilikuwa mbali. Kanga zilichapwa Uholanzi, kwenye miji kama Helmond ambako ndiko ilikoanzia kampuni tunayoijua leo kama Vlisco, zikachapwa Uingereza, baadaye India na Japani. Mchoraji wa Helmond hajawahi kuuona mkarafuu. Alijuaje basi achore nini?

Aliambiwa. Na hapa ndipo ninapogombana na vitabu vingi vya historia ya ubunifu. Vinasimulia kana kwamba Ulaya ilibuni na Afrika ikanunua. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake cha 2008 kuhusu biashara ya pwani hii, ameonyesha kuwa mambo yalikwenda kinyume: matakwa ya wanunuzi wa Afrika Mashariki ndiyo yaliyoviongoza viwanda vya Salem na Bombay. Rangi ikikosea kidogo, upana ukipungua, nguo inabaki bandarini. Kwa kanga hali ilikuwa mbaya zaidi kwa muuzaji, maana fasheni ilibadilika haraka na meli ilichukua muda. Mzigo ulioagizwa ukiwa moto unafika umepoa. Ikabidi mawakala wa Unguja wawe wanasikiliza wanawake wanasema nini, wanachora, wanatuma sampuli, wanasubiri, wanatuma tena. Leo kampuni kubwa hulipa fedha nyingi kwa kazi kama hiyo, wanaita utafiti wa watumiaji.

Na watumiaji wale walikuwa nani? Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Haikuwa uhuru wa moja kwa moja. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuudai, na masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Wengi walibaki kwenye mashamba yale yale, ila sasa uchumaji ulikuwa na malipo, kwa pishi. Fedha ya msimu ikaingia mikononi mwa watu ambao jana walikuwa wakihesabiwa kama mali. Laura Fair, aliyeandika juu ya Zanzibar ya baada ya utumwa katika kitabu chake cha 2001, anaeleza jinsi nguo zilivyokuwa jambo la kwanza kubadilika. Kaniki ikatupwa, kanga ikavaliwa. Picha za studio ya Gomes, mpiga picha maarufu wa Unguja wa zama hizo, zinawaonyesha wanawake waliojipanga mbele ya kamera na kanga zenye michoro mikubwa, na macho yao hayaombi ruhusa kwa mtu.

Nikiifikiria Pemba kwa mtindo huo napata picha ya ajabu kidogo. Mwanamke amekaa juu ya mkeka anachambua karafuu, anatenga makonyo upande mmoja. Kwa ujira ule atakwenda dukani na kukataa doti tatu kwa sababu pindo silo. Kule Uholanzi mtu atapokea barua kwamba mchoro namba fulani hauendi, achore mwingine. Yule mwanamke hajui Helmond iko wapi, na mchoraji hamjui yeye. Lakini ni yeye ndiye aliyekuwa akiuhariri mchoro.

Karafuu nayo ilipanda kwenye nguo. Mchoro wa karafuu ni wa siku nyingi kwenye kanga, sambamba na korosho, ule mkunjo ambao Waingereza wanauita kwa jina la mji wa Paisley na ambao asili yake ni Uajemi na India. Ikafika mpaka kwenye bendera. Zanzibar ilipopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, bendera yake ilikuwa nyekundu yenye duara la kijani, na ndani ya duara karafuu mbili. Ilipepea mwezi mmoja na siku mbili, mapinduzi ya 12 Januari 1964 yakaiteremsha. Kama kazi ya mchoro peke yake, weka siasa pembeni kama unaweza, ni bendera nzuri. Mimea michache imewahi kuchorwa kwa ufupi ule ikatambulika.

Siasa haikai pembeni kwenye kanga pia. Tangu vyama vingi virudi 1992, rangi ya pindo inaweza kuanzisha ugomvi wa mtaa mzima. Na Marekani ilipomchagua rais mwenye baba Mkenya mwaka 2008, kanga ilikuwa sokoni kabla hajaapishwa, yenye maneno "Hongera Barack Obama", picha yake katikati ya mji.

Lakini ugomvi mkubwa zaidi ni wa jina. Ukivaa "Japo sipati tamaa sikati" na kupita mbele ya nyumba fulani, umesema. Ukiulizwa, hukusema, umevaa tu. Saida Yahya-Othman ameandika vizuri juu ya hili mwaka 1997, jinsi kanga inavyompa mwanamke sauti pale ambapo mdomo ungemletea matatizo. Wataalamu wa michoro wa Ulaya wanafundisha kuwa herufi lazima zitumikie ujumbe. Kanga inakwenda mbele zaidi: herufi zinatumikia ujumbe, na aliyevaa anachagua nani ausome, lini, na akiwa umbali gani. Ndiyo maana mama wa Chake Chake alitaka kujua kama maandishi yanaonekana nyuma.

Siku hizi kanga imeingia kwenye samani. Utaiona kwenye mito ya makochi, vifuniko vya taa, viti vya hoteli. Nyingine ni kazi safi kabisa. Ila nimeona mara nyingi fundi anakata mji na pindo tu, jina linatupwa kwenye mabaki chini ya cherehani. Nilimuuliza mmoja kwa nini. Akasema maneno yanaharibu mchoro.

Ukiokota kile kipande kilichotupwa, au ukiangalia ukingo wa doti nzima, utakuta maandishi madogo: alama ya mfanyabiashara, namba ya mchoro, nchi ilikochapwa. Aliyeagiza yupo, aliyechapa yupo. Wale walioikataa ya kwanza na ya pili mpaka ikatoka hii ya tatu hawajaandikwa popote.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitaandika juu ya mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukunja. Hicho nacho ni kiti, na kina mambo yake.