Wayuda wa Bodrogkeresztúr

Tulipokuwa katika seminari kubwa tulifundishwa habari za Wayuda mpaka mwaka 70, Waroma walipolichoma Hekalu. Kiisha kitabu kilifungwa, kana kwamba taifa lile liliacha kusali siku ile. Nasi tuliendelea kuimba Zaburi zao kila asubuhi pasipo kuuliza kama kuna wengine wanaoziimba.

Walikuwako. Ndugu wasomaji, tutaje kijiji kimoja tu: Bodrogkeresztúr, upande wa kaskazini-mashariki wa inchi ya Hungaria, karibu na Tokaj, mji unaosifiwa kwa divai yake. Katika lugha ya Hungaria neno «kereszt» maana yake ni msalaba. Wayuda walikiita Kerestir, wakakaa humo pamoja na Wakristu, ukuta kwa ukuta.

Maisha yao yote yalifungwa katika sala. Walisali asubuhi, alasiri na jioni, na kwa sala ya watu wote walitakiwa wanaume kumi. Mtoto wa kiume alianza kusoma akiwa na miaka mitatu hivi, na mara nyingi kitabu chake cha kwanza kilikuwa Walawi, kwa kuwa walio safi wanafaa kuanza na sadaka zilizo safi. (Sisi tunakifikia kitabu kile katika teolojia, nasi tunakiruka upesi.) Hata divai ya ibada ilichungwa: tangu zabibu kukamuliwa haikushikwa ila na Myuda mwenye kushika Sabato. Padri anayejua sheria za divai ya Misa hatacheka.

Ijumaa, kabla jua halijachwa, chungu cha maharagwe, shayiri na nyama kilitiwa katika tanuru, kikae humo usiku kucha, kwa maana siku ya Sabato hakuna kuwasha moto. Wakati wa baridi jirani Mkristu aliingia kuwawashia. Chakula kile huitwa sólet, na Wakristu wa Hungaria wanakipika hata leo. Basi walijua mapishi yao. Sala zao hawakuzijua.

Katika kijiji kile alikaa Rabi Yeshaya Steiner, aliyezaliwa mwaka 1851 na kufa mwaka 1925. Tangu ujana alimtumikia rabi wa Olaszliszka, mmoja wa Wahasidi, yaani Wayuda wanaomtafuta Mungu kwa furaha na kwa kushikamana na mwalimu wao. Sifa yake kubwa haikutoka katika vitabu, ilitoka jikoni. Maskini na wasafiri walikuja kwake kutoka mbali, naye aliwalisha. Watu wanaamini hata kwamba picha yake hufukuza panya nyumbani. Tusicheke sana, tunajua yale ambayo Wakristu wetu wanafanya na medali.

Sasa tuseme lililo gumu. Mwaka 1938 na tena mwaka 1939 bunge la Hungaria lilitoa sheria za kuwapunguzia Wayuda haki na kazi zao, na maaskofu wetu waliokuwa katika baraza la juu walizikubali. Tarehe 19 Machi 1944 jeshi la Wadachi liliingia. Tarehe 5 Aprili, Jumatano ya Juma Takatifu, Wayuda walianza kulazimishwa kuvaa nyota ya manjano kifuani.

Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 7. Siku zile ibada ilifanywa asubuhi. Mapadri wa Hungaria, kama mapadri wa dunia nzima, na wa Kongo pamoja nao, waliwaombea Wayuda kwa neno lile «perfidi». Kwa maombi mengine watu walipiga magoti. Kwa hili moja hawakupiga. Jua lilipokuchwa siku ileile, Wayuda waliketi mezani kwa karamu ya Paska, mikate isiyotiwa chachu mbele yao, na mtoto mdogo kuliko wote akauliza maswali yake juu ya usiku ule wa kutoka Misri.

Paska yao ilikwisha tarehe 15. Tarehe 16, Dominika in albis, askari wa Hungaria walianza kuwakusanya Wayuda wa upande ule. Wale wa jimbo la Zemplén walifungiwa Sátoraljaújhely, na kutoka kule treni ziliwapeleka Auschwitz. Kati ya 15 Mei na 9 Julai watu zaidi ya 430,000 walitolewa Hungaria. Walio wengi waliuawa kwa gazi mara walipofika. Askari wale walikuwa wamebatizwa. Askofu Áron Márton alipanda mimbari huko Kolozsvár tarehe 18 Mei, akalaumu waziwazi. Wengine waliandika barua kwa wakubwa wa serikali, na treni zikaendelea kwenda.

Papa Pius XII alirudisha kupiga magoti katika sala ile mwaka 1955. Mwaka 1959 Yoane XXIII, ambaye wakati wa vita alikuwa mjumbe wa Papa huko Istanbul na kuwasaidia Wayuda wakimbizi, aliliondoa neno «perfidi».

Wachache walirudi Bodrogkeresztúr, nao hawakukaa. Lakini nyumba ya Rabi Yeshaya ingali imesimama. Kila mwaka, siku ya tatu ya mwezi Iyar, siku aliyokufa, Wayuda maelfu wanafika kutoka Marekani na Israeli kusali penye kaburi lake, juu ya kilima. Kiisha wanashuka kijijini, na katika nyumba ile wanapewa chakula pasipo kulipa.